Mgonjwa aliyevunjika moyo: tumpime au tumuulize?

Tarehe 1 Julai 1996, katika eneo la Northern Territory huko Australia, ilianza kutumika sheria iliyomruhusu mgonjwa asiye na matumaini ya kupona kumwomba daktari amsaidie kufa. Haikudumu. Bunge la shirikisho liliifuta Machi 1997, na katika miezi hiyo michache watu wanne ndio waliokufa kwa kuitumia. Lakini ndani yake kulikuwa na sharti moja ambalo mjadala wake haujaisha hadi leo: daktari bingwa wa magonjwa ya akili alitakiwa kuthibitisha kwamba mwombaji hana sonona (kwa Kiingereza depression) inayotibika. Akishathibitisha, kwa upande wake kazi imekwisha.

David Kissane, daktari wa magonjwa ya akili wa Melbourne, alizipitia habari za wagonjwa saba waliotaka kuitumia sheria hiyo, akishirikiana na daktari aliyekuwa amewahudumia. Makala yao ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1998. Mwaka 2001 Kissane na wenzake wawili wakaja na pendekezo: iko hali nyingine inayomfanya mgonjwa aone hakuna haja ya kuendelea kuishi, nayo si sonona. Ni kuvunjika moyo. Wakataka itambuliwe rasmi kama hali inayostahili jina lake, vipimo vyake na tiba yake.

Kuomba kusaidiwa kufa na kujiua ni mambo mawili, na sitayachanganya hapa. Ila hoja iliyozaliwa Darwin, mji mkuu wa Northern Territory, imehamia kwenye wodi za kawaida, za saratani, figo, moyo, UKIMWI na mishipa ya fahamu, ikiwa na swali jipya: tunapotaka kujua ni mgonjwa yupi yuko katika hatari ya kujiua, je, tutazame kuvunjika moyo kuliko sonona? Wapo wanaosema ndiyo bila kusita. Wapo wanaosema tumeongeza kipimo kingine kisichopima kitu. Naona kila upande una jambo umeliona sawasawa.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Wazo si la Kissane peke yake. Jerome Frank, daktari wa akili wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, alikuwa ameshaandika miongo kadhaa kabla kwamba watu wengi wanaotafuta tiba ya mazungumzo hawaletwi na dalili za ugonjwa tu, wanaletwa na kushindwa: wamejaribu kukabiliana na tatizo, wamegonga ukuta, wamejiona hawafai. Kissane aliongezea kupotea kwa maana ya maisha na hisia ya kunaswa mahali pasipo na njia ya kutokea. Na tofauti na sonona? Mwenye sonona kamili hafurahii chochote: chakula hakina ladha, mjukuu akija kumwona ni sawa na asipokuja. Aliyevunjika moyo anaweza kucheka na mjukuu huyo huyo, akala wali wake, akafuatilia mpira kwenye redio ya jirani wa kitanda cha pili. Mwulize kuhusu mwezi ujao, ndipo uso unapobadilika. Sonona ni jahazi lililokosa upepo. Huku upepo upo, nahodha ndiye asiyejua bandari iko wapi, na ameanza kuamini kwamba haipo.

Hapa Kiswahili kina jambo la kusema, kwa sababu Kiingereza kililazimika kutumia neno lenye harufu ya jeshi, demoralization, la askari waliopoteza ari vitani, wakati sisi tunayo maneno tayari. Tunasema mtu amekata tamaa. Tunasema pia amevunjika moyo, au amekufa moyo. Wengi huyatumia kama maneno pacha, lakini tazama sarufi yake. Anayekata tamaa ni mtendaji: yeye ndiye aliyeshika kisu. Moyo unapovunjika, mwenye moyo ametendewa. Mzigo ulizidi, kitu kikavunjika. Ndiyo maana mtu akisikia "fulani kakata tamaa", jibu la haraka ni kumkemea: usikate tamaa! Msikitini na kanisani kukata tamaa na rehema ya Mungu ni kosa, ni dalili ya imani haba. Sasa mgonjwa mcha Mungu aliyelazwa wiki ya sita, ukimuuliza mbele ya ndugu zake kama amekata tamaa, unadhani atakujibu nini? Atasema "hapana, alhamdulillah", na wewe utaandika kwamba hali yake ya akili ni nzuri. Kwa sababu hiyo nimechagua kusema kuvunjika moyo. Na tiba yake imeshakaa ndani ya lugha: mtu huyo hutiwa moyo.

Turudi kwenye ushahidi. Wanaoitetea hoja hii hawasemi kwa hisia tu. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2014, wa wagonjwa 200 wa saratani, ulionyesha kuwa kuvunjika moyo kunahusiana na mawazo ya kujiua kuliko sonona inavyohusiana nayo. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani waliowachunguza wagonjwa 430 wa saratani walikuta uhusiano huo unabaki hata baada ya kuweka kando magonjwa ya akili yanayotambuliwa rasmi. Maana yake ni nzito: yupo mgonjwa ambaye dodoso la sonona litampitisha salama, daktari ataandika "hana tatizo la akili", naye usiku analala akifikiria namna ya kumaliza yote. Zaidi ya hapo, kazi ya Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, juu ya kukosa matumaini, ambako ni ndugu wa karibu wa kuvunjika moyo, ilikuwa imeshaonyesha njia. Mwaka 1985 Beck na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano hadi kumi wagonjwa 207 waliokuwa wamelazwa kwa sababu ya mawazo ya kujiua. Kumi na wanne walijiua. Kati ya 11 ambao alama zao za kukosa matumaini zilikuwepo, 10 walikuwa na alama za juu.

Ukiishia hapo, utaona mjadala umekwisha. Haujaisha, na tatizo la kwanza liko ndani ya kipimo chenyewe. Dodoso la Kissane la mwaka 2004 lina sentensi 24, na toleo lililofupishwa la mwaka 2016 lina 16. Mgonjwa anaeleza ni kwa kiasi gani kila sentensi inamhusu. Matoleo yote mawili yana sentensi inayosema, kwa maana yake, "afadhali nisiwe hai". Basi tukimpima mtu kwa dodoso linalomuuliza kama anatamani kutokuwa hai, halafu tukashangaa kwamba wenye alama za juu ndio wenye mawazo ya kufa, tumegundua nini? Ni kama kumuuliza mtu kama ana njaa na kama angependa kula, kisha kuandika makala kwamba njaa inahusiana na kutaka kula. Sisemi tafiti zote zinaanguka kwa hilo. Sentensi moja kati ya kumi na sita haiwezi kubeba uhusiano wote. Lakini msomaji anayeletewa tarakimu za uhusiano mkubwa ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya ukubwa huo imetokana na kipimo kujiuliza na kujijibu.

Tatizo la pili ni kwamba sehemu kubwa ya tafiti hizi zinapima mawazo. Hazipimi vifo. Watu wengi sana wanaougua kwa muda mrefu hupitiwa na wazo la kufa, na wachache mno hufanya lolote.

La tatu ni hesabu, na hapa naomba msomaji anivumilie. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha zaidi ya wagonjwa milioni 8 wa saratani waliogunduliwa kati ya 1973 na 2014, ulikuta vifo vya kujiua takriban 28.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ni zaidi ya mara nne ya watu wengine nchini humo. Kiwango hicho kinatisha, lakini kigeuze kuwa watu: kati ya wagonjwa 10,000, ni chini ya watatu kwa mwaka. Sasa chukua mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yaliyokadiria kwamba kuvunjika moyo kwa kiwango kinachohitaji kushughulikiwa kunawapata asilimia 13 hadi 18 ya wagonjwa wa saratani na magonjwa mengine yanayozidi kuendelea. Katika wale 10,000, ni wagonjwa 1,300 hadi 1,800. Hata tukijalia kwamba wote watatu watakaojiua wamo humo, jambo ambalo hakuna anayeweza kuahidi, utakuwa umeweka alama nyekundu kwenye mafaili 1,300 ili kuwafikia watatu. Najua takwimu hizi zimetoka kwenye makundi tofauti ya watu na huwezi kuzishona pamoja kama nguo moja. Hata hivyo, zipunguze nusu au ziongeze maradufu, picha haibadiliki.

Na hilo si kosa la kuvunjika moyo peke yake. Alex Pokorny wa Houston aliwafuatilia wanajeshi wa zamani 4,800 waliolazwa kwa matatizo ya akili, akatumia kila kipimo alichoweza kukipata, na mwaka 1983 akakiri kwamba hakuweza kuwatenganisha wale 67 waliojiua na wengine kwa namna ambayo ingemfaa daktari kazini. Mapitio ya tafiti 365 za miaka 50, yaliyotoka mwaka 2017, yakakuta kwamba sababu za hatari tunazozitegemea zinabashiri vizuri kidogo tu kuliko kurusha shilingi. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliwaambia wahudumu waache kutumia madodoso na vipimo ili kubashiri nani atajiua. Kwa hiyo anayesema kuvunjika moyo ni kipimo bora cha ubashiri anagombea ubingwa katika mchezo ambao waamuzi wameshasema uvunjwe.

Lipo pingamizi lingine, la zamani na la kiutu zaidi. Phillip Slavney, naye wa Johns Hopkins, aliandika mwaka 1999 kwamba kuvunjika moyo kwa mgonjwa aliyelazwa ni jambo la kawaida, mfano wa majonzi baada ya msiba. Kuiita hali hiyo ugonjwa ni kumwongezea mtu mzigo wa lebo. Nakubali nusu. Mtu aliyekatwa mguu akavunjika moyo si mgonjwa wa akili. Tatizo ni kwamba neno "kawaida" likifika wodini linabadilika kuwa ruhusa ya kutofanya kitu. "Nani asingevunjika moyo katika hali ile?" Sentensi hii inasemwa kwa huruma, na papo hapo inafunga mazungumzo. Maumivu baada ya upasuaji pia ni ya kawaida, lakini hakuna nesi anayeyaacha bila dawa kwa sababu hiyo.

Kuna ushahidi mmoja ambao pande zote mbili, kwa maoni yangu, hazijaupa uzito unaostahili. Mwaka 2012 watafiti nchini Sweden, wakitumia rejista za zaidi ya watu milioni 6, walionyesha kuwa katika wiki ya kwanza baada ya mtu kuambiwa ana saratani, uwezekano wa kujiua ulikuwa mara 12.6 ya wasio na saratani. Kwa mwaka mzima wa kwanza ulikuwa mara 3.1. Wiki ya kwanza! Sonona, kwa vigezo vinavyotumika, haiwezi hata kutamkwa kabla ya wiki mbili. Mtetezi wa kuvunjika moyo angependa kurukia hapo na kusema: mnaona, si sonona. Kweli. Lakini vigezo vya Kissane vya mwaka 2001 navyo vinataka hali idumu zaidi ya wiki mbili. Basi mtu aliyetoka chumba cha daktari Jumanne akiwa na bahasha ya majibu mkononi hana jina katika kitabu chochote kati ya hivi viwili. Hana sonona, hajavunjika moyo rasmi. Ana bahasha tu, na safari ya kurudi nyumbani. Kama tathmini yetu inasubiri hali ikomae ndipo tuitambue, imechelewa kwa mtu yule yule tuliyemlenga.

Nikiyaleta haya kwetu, mambo mengine hujitokeza ambayo Melbourne hayakuwa na uzito huo. Mgonjwa wa figo wa Dar es Salaam au Mombasa anayesafishwa damu anajua, pengine kuliko daktari wake, ni lini bima itagoma na shamba lipi litauzwa. Anaposema "nimekuwa mzigo", wakati mwingine haelezi hisia. Anaeleza hesabu ya nyumbani. Kumpa dodoso la sentensi kumi na sita juu ya maana ya maisha, bila kumleta ofisa wa ustawi wa jamii, ni kumfanyia dhihaka. Halafu kuna wanaomzunguka. Kwetu mgonjwa halali peke yake na siri yake. Ana dada anayemwogesha, shemeji anayelipia, mama anayekaa kwenye mkeka chini ya mti nje ya wodi. Wao ndio wanaosikia "bora nipumzike", "nimechoka kuwasumbua", "nikifa mtapata nafuu". Nao, kwa mapenzi, humnyamazisha: usiseme hivyo, utaleta nuksi. Daktari akifika asubuhi anapata taarifa iliyokwisha kuchujwa.

Na sheria ipo pale pale. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Tanzania bado ina kifungu chake cha 217. Huwezi kumwambia mgonjwa "niambie ukweli kabisa" huku ukweli wenyewe, ukiishia kwenye kitendo kilichoshindikana, ni jinai. Wauguzi wanalijua hili, ndiyo maana wengine hukwepa kuuliza. Wengine hukwepa kwa hofu kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Hofu hiyo haina msingi: mapitio ya tafiti 13 yaliyotoka mwaka 2014 hayakukuta kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunaongeza mawazo hayo.

Basi nasimama wapi? Nadhani tumeliuliza swali vibaya tangu mwanzo. Tumeuliza kama kuvunjika moyo kunabashiri, na jibu la uaminifu ni kwamba kunabashiri kidogo sana, kama vipimo vingine vyote. Lakini daktari au nesi si mpiga ramli. Kazi yake kitandani ni kujua la kufanya leo, na hapo kuvunjika moyo kunampa kitu ambacho alama ya sonona haimpi: kunamwambia ni wapi palipovunjika. Alama 17 za sonona zinasema "mpe dawa, mrudishe baada ya wiki nne". Mgonjwa anayesema hana wa kumweleza maumivu yake, au hajui atakuwa nani tena asipoweza kushona, ameshakuonyesha kitanzi kilipokaza. James Griffith, daktari wa akili wa Marekani, alipendekeza mwaka 2005 mazungumzo ya namna hiyo kitandani, yanayotafuta mtu amesimama wapi kati ya upweke na kuwa na wenzake, kati ya kukosa nguvu na kuweza kufanya jambo, kati ya kukosa maana na kuwa nayo. Hayahitaji saa nzima. Nani anajua kweli unayopitia? Ni jambo gani bado liko mikononi mwako? Siku ikiwa mbaya kabisa, nini kimekufanya usiache? Na baada ya hayo, bila kupinda kona, akiwa peke yake, ndugu wametoka kwa heshima: je, umewahi kufikiria kujiua?

Kuna watakaosema hayo si tathmini, ni maongezi. Ni lawama ninayoichukulia kwa uzito, kwa sababu katika kliniki ya CTC, ya matunzo na tiba kwa wanaoishi na VVU, yenye wagonjwa mia moja kwa siku na mshauri nasaha mmoja, maongezi ndiyo kitu cha kwanza kukatwa, na dodoso angalau hubaki. Sina jibu safi kwa hilo. Ninachojua ni kwamba dodoso lililojazwa mbio mbio, kwa lugha ya kutafsiriwa, na mgonjwa anayesubiri gari la mwisho la kurudi kijijini, linamlinda zaidi aliyelijaza kuliko aliyejaziwa. Afadhali maswali mawili yaliyoulizwa kwa makini kuliko kumi na sita yaliyowekewa tiki. Na yakiulizwa siku ya majibu mabaya, kabla ya hizo wiki mbili, yatakuwa yamefanya kitu ambacho vigezo vyote viwili vimeshindwa kukifanya.

Ningependa faili lionyeshe hivyo pia. Badala ya "hatari: ya wastani", maneno ambayo zamu ya usiku haiwezi kuyafanyia kazi, liandikwe anachosema mwenyewe: kwamba anaona amewatia watoto umaskini, kwamba amewaza kufa mara mbili wiki hii lakini hajapanga chochote, kwamba dada yake mkubwa ndiye pekee anayeweza kumwambia, kwamba dada huyo ameitwa na amekubali kulala naye, kwamba ustawi wa jamii wanafuatilia msamaha wa gharama, kwamba maumivu ya mgongo yalikuwa hayajatibiwa na sasa ameanzishiwa dawa. Aulizwe tena Ijumaa, asubuhi, kabla ndugu hawajaja.